Dubwi limekula pesa za kikoba, mume akajifungia na petroli

Shangazi, shikamoo. Naandika kutoka Isevya, Tabora. Mume wangu ni bodaboda wa mkataba, na kando ya kijiwe chao kuna duka lenye mashine za dubwi, kamari ya sarafu. Mwezi uliopita alichukua shilingi 640,000 za kikoba nilizokuwa nimezihifadhi ndani kama mweka hazina, zikaishia humo zote. Wanakikundi walipokuja kudai, alijifungia chumbani na panga na dumu la petroli, akasema atakayeingia ataungua naye. Nilitoka na watoto kwa mlango wa uani. Polisi wenye bunduki walizingira nyumba tangu saa nane mchana hadi magharibi, mpaka kaka yake alipozungumza naye dirishani akatoka. Sasa yuko nje kwa dhamana, anakaa kwa kaka yake. Wakwe wanataka nifute kesi na tuuze kiwanja tulipe, yaishe. Yeye anaapa hatarudia. Mtoto wetu mkubwa ana miaka 9, na tangu siku ile anakojoa kitandani. Nifanyeje? — Mama wa Wawili

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na watoto. Kama kuna anayekulaumu kwamba ulimkimbia mumeo, usimsikilize. Kutoka na watoto kulikuwa ndiko kuwaokoa, na hata yeye kulimwokoa.

Wakwe wanataka uanze na deni. Mimi nakuomba deni liwe la tatu. La kwanza ni uhai wenu nyote wanne, na la pili ni njia zinazopeleka pesa kwenye mashine. Ukiuza kiwanja leo, wadai wataondoka na aibu itapoa, lakini kilichompeleka pale kitabaki kilivyo, na safari ijayo hakutakuwa na kiwanja.

Hatari haikuondoka na gari la polisi. Mtu aliyetamka kufa huwa dhaifu wiki zinazofuata, wakati watu wanaona yameisha na yeye amebaki na aibu yake. Kaka yake aondoe nyumbani mapanga, dawa ya panya na viuatilifu vya tumbaku vilivyobaki stoo. Pikipiki ijazwe kituoni, mafuta yasilale ndani. Wimbi la kutaka kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, na asipokuta kitu cha kujidhuru mkononi huweza kulivuka. Tena mwulizeni waziwazi, "Unawaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, bali humpa nafasi ya kusema.

Ikitokea tena, Mungu aepushie mbali, toka na watoto kabla ya kubishana, kisha piga 112. Neno la petroli litangulie mengine yote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ukafika hadi kwenye jiko la mkaa lililo chumba kingine, na kopo la bomu la machozi huwa la moto wa kutosha kuuwasha. Polisi wasipojua, jambo walilokusudia kuokoa watu laweza kuteketeza nyumba. Waambie pia yuko chumba gani, milango ni mingapi, nani amebaki ndani, amekunywa au la, na maneno aliyoyasema. Usirudi kuchukua simu wala hati. Wadai na majirani wasogezwe mbali, maana kelele za "mwizi huyo" ndizo zinazomfanya mtu aone hakuna pa kutokea. Polisi wakiruhusu, azungumze naye mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, bila kumdai wala kumwahidi asichoweza kukitimiza. Wewe usipelekwe dirishani hata wakwe wakisihi. Kwa mtu aliye katika hali ile, kumwona mke kunaweza kumtuliza au kumlipua, na hakuna anayejua mapema.

Sasa dubwi lenyewe. Najua atakwambia mashine ilikuwa imeshiba, ilikaribia kutema. Haishibi. Kila mzunguko huamuliwa upya kwa namba za bahati, na mashine haikumbuki ilikula kiasi gani jana. Tufanye hesabu ya mfano. Mashine irudishe wastani wa shilingi 85 katika kila 100, na mzunguko mmoja wa sarafu ya 200 uchukue sekunde tano. Kwa saa moja ni mizunguko 720, yaani shilingi 144,000 zimepita mkononi mwake na 21,600 zimebaki kwenye mashine. Akianza na 10,000 na kurudisha kila anachopata, baada ya kuzizungusha mara kumi zimebaki kama 1,970. Katikati ya hapo atashinda mara kadhaa, na hizo ndizo atakazokusimulia. Picha mbili za matunda kwenye mashine zikilingana na ya tatu ikasimama hatua moja pembeni, amekosa kama waliokosa wote, ila ubongo hulipokea karibu kama ushindi na mkono unatafuta sarafu nyingine.

Kwa hiyo kiapo chake naamini kinatoka moyoni, na bado hakitoshi. Huu ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Mpelekeni Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, mwulizie huduma ya afya ya akili. Kaka yake aende na karatasi: alianza lini, anacheza mara ngapi kwa wiki, siku mbaya kabisa alipoteza kiasi gani, analalaje, alitamka nini kuhusu kufa. Akiachwa aeleze peke yake atapunguza yote kwa nusu. Tiba kubwa ni mazungumzo ya kila wiki na mtaalamu, na dawa kama kuna sonona. Dua na maombi yaendelee, ila yasichukue nafasi ya kliniki. Siku za mwanzo za kuacha atakuwa mkali na usingizi utamruka, hivyo msidhani tiba imeshindwa.

Pesa zifungiwe njia. Ahame kijiwe, na hili msilijadili: hakuna anayeacha dubwi huku akiegesha hatua kumi kutoka kwake. Hesabu ya bosi wa pikipiki, yaani pesa anayodaiwa kwa siku, ipokelewe na kaka yake kila jioni. Bosi aambiwe ukweli, la sivyo pikipiki itawekwa rehani kimya kimya. Laini yake ya simu ikaguliwe, maana mikopo ya simu na kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali, ndiyo hufuata pesa za ndani zikiisha. Hamu ikimpanda, ampigie kaka yake na asubiri nusu saa akiwa na mtu. Kwa kawaida hupungua. Akiteleza siku moja, aseme siku hiyohiyo, kabla hajaanza kuzifukuzia zilizopotea, kwa sababu huko kufukuzia ndiko kulikomaliza 640,000.

Kikoba sasa. Nenda mwenyewe, usingoje waje. Ng'atuka uweka hazina na upeleke maandishi: 20,000 kwa wiki kwa wiki 32, yakisainiwa mbele ya mwenyekiti wa kikundi. Chakula na ada ya watoto vitangulie, kisha ndiyo kikoba. Na pesa za kikundi zisilale tena kwa mtu yeyote. Sanduku la kufuli tatu lina funguo kwa watu watatu kwa sababu hii hii.

Kesi huwezi kuifuta, kwa kuwa mlalamikaji ni Jamhuri na wewe ni shahidi. Unachoweza ni kumweleza mwendesha mashtaka kwamba anatibiwa, na kwamba ungependa asirudi nyumbani kwa sasa. Kuhusu ardhi, kama nyumba mnayoishi ni ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mmoja wenu kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, nawe unaweza kuiwekea zuio. Kiwanja kina taratibu zake. Muone msaidizi wa kisheria, na umwandikie mwenyekiti wa mtaa mapema kwamba hujaridhia kuuza. Kama dukani pale watoto wa chini ya miaka 18 wanacheza, ni kosa kisheria. Mwenyekiti, polisi na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha wote waambiwe.

Kurudiana naye kusubiri. Mpime kwa mahudhurio ya kliniki na hesabu za kila jioni kwa miezi, wala si kwa machozi ya Jumapili.

Mtoto asichapwe wala kuchekwa kwa kukojoa, ni hofu inayotoka. Mweleze kwa maneno machache: baba aliugua kichwani, anatibiwa, wewe hukufanya kosa lolote, na usiku huu tuko salama. Mwalimu wake ajue. Ikipita mwezi bila nafuu, naye apelekwe Kitete.