Jibu: Berberini juu ya dawa ya kolesteroli

Dada, umeuliza kama mama aongeze vidonge vya berberini juu ya dawa yake ya kolesteroli. Berberini hutoka kwenye mizizi ya mmea uitwao huanglian, ya manjano na michungu kama shubiri, ambayo Wachina wameitumia tangu kale kutibu kuhara. Kiasi kidogo tu huingia kwenye damu, na bakteria wa utumbo huibadilisha kwanza ndipo ipite vizuri. Bakteria wa humohumo hutengeneza kemikali iitwayo TMA kutokana na nyama na mayai, kisha ini huigeuza kuwa kemikali nyingine, TMAO, inayohusishwa na mishipa ya moyo kuziba. Watafiti wanapima kama berberini huipunguza TMAO hiyo. Ila tafadhali, asianze bila daktari: berberini huzuia vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingine, zikazidi mwilini. Na dawa yake ya kolesteroli asiiache!