Laptopu nyepesi ya bei ya kati: maswali ya wanafunzi na majibu yetu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kundi moja: laptopu za inchi 13 au 14, kilo 1.2 hadi 1.5, ambazo si za bei ya chee wala si za wenye nazo. Katika kundi hili mtengenezaji lazima abane matumizi mahali fulani. Kazi ya mnunuzi ni kupajua alipobana, na kujua kama panarekebishika baadaye.

Swali: Nasomea uhasibu. Muuzaji anasema RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 inatosha, na kwamba nikiona haitoshi nitaongeza. Nimwamini?

Mwamini nusu. GB 8 inamtosha anayeandika, anayesoma PDF na kufungua kurasa chache za intaneti. Lakini Windows 11 pamoja na kivinjari chenye vichupo vichache hula karibu nusu yake kabla hujagusa Excel, na grafiksi iliyomo ndani ya prosesa nayo hujikatia fungu kutoka RAM hiyo hiyo. Ongeza kipindi cha Zoom, jedwali kubwa la hesabu na vichupo kumi na tano, RAM imejaa. Ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia data kwenye SSD, yaani hifadhi ya mafaili, na kuirudisha kila unapobadilisha dirisha. Ndiyo maana kishale huganda. Mashine haijaharibika, imekosa nafasi tu.

Hilo la kuongeza ndilo la kuchunguza. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi kuu. Ukiona LPDDR4X au LPDDR5 kwenye maelezo yake, chukulia kwamba haiongezeki. Ukiona DDR4 au DDR5 bila LP mbele, huenda kuna nafasi ya kuchomeka kijiti cha RAM kiitwacho SO-DIMM, ila usikisie: nyingine zina GB 8 zilizochomelewa na nafasi moja tupu, nyingine hazina nafasi kabisa. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Mstari wa Form factor ukisomeka "Row of chips", RAM imechomelewa. Halafu hakikisha kwenye maelezo ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli, kwa sababu jina moja la biashara hubeba matoleo kadhaa yasiyofanana. Na ukinunua kijiti, DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5.

Tungefanya hivi: kama imechomelewa, chukua GB 16 tangu mwanzo, hata ikibidi kushuka daraja moja la prosesa. Kama nafasi ipo, anza na GB 8 bila wasiwasi.

Swali: Nimenunua laptopu ya Ryzen 5 ya mfululizo wa 7000, lakini ya mwenzangu yenye Ryzen 5 ya mfululizo huo huo ina kasi zaidi kwa kazi. Nimeuziwa feki?

Hapana, umeuziwa namba. Katika mfululizo huo wa AMD, watengenezaji wa Ryzen, tarakimu ya kwanza inaonyesha mwaka wa modeli, na 7 ni 2023. Ya pili inaonyesha daraja. Ya tatu, ambayo watu huiruka, ndiyo inayosema kiini (core, sehemu ya prosesa inayofanya kazi) ni cha kizazi gani. Kwa hiyo 7520U ni Zen 2, usanifu uliotoka 2019, wenye viini 4. 7530U ni Zen 3 yenye viini 6. 7540U ni Zen 4, nayo ina viini 6. Zote zimeandikwa "Ryzen 5" kwenye kibandiko kile kile. Soma herufi na tarakimu zote, kibandiko hakikwambii kitu.

Kwa Intel, tazama herufi ya mwisho. U ni ya matumizi madogo ya umeme, ambayo msingi wake kwa kawaida ni wati 15, na ndiyo inayofaa laptopu nyepesi. H ina msingi wa wati 28 hadi 45 kutegemea toleo: ina nguvu zaidi, lakini ndani ya boksi jembamba hupata joto, feni hulia, na baada ya dakika chache hujipunguzia kasi yenyewe. N100 na N200 zina viini 4 vidogo. Zinafaa kuandikia na kutazama video, basi. Anayesoma uhandisi au takwimu asiziguse.

Swali: Boksi limeandika betri saa 12. Mimi napata saa tano. Betri ni mbovu?

Huenda ni nzima kabisa. Saa za kwenye boksi mara nyingi hupimwa kwa kucheza video huku mwanga wa skrini umeshushwa. Tafuta kitu kimoja tu, ujazo wa betri kwa wati-saa, ulioandikwa Wh. Kisha gawanya. Kuandika na kusoma katika mashine nyepesi hutumia takribani wati 6, na kipindi cha video chenye kamera huweza kufika wati 12 hadi 15. Betri ya Wh 42 ikigawanywa kwa 6 inatoa saa 7. Ukiigawa kwa 14 inatoa saa 3. Ndiyo sababu tunawashauri wanafunzi wanaoshinda madarasani wasishuke chini ya Wh 50, hata kama mashine itaongezeka uzito kwa gramu mia moja.

Kuijua hali ya betri yako, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Kama ya kwanza ni 42,000 mWh na ya pili 31,000, imebaki na asilimia 74. Kwa mashine mpya hilo ni la kurudisha dukani. Kwa iliyotumika miaka mitatu ni jambo la kawaida.

Ukiwa unaishi na chaja imechomekwa muda wote, tafuta kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Betri ya lithiamu huzeeshwa haraka na mambo mawili yakikutana, joto na kujaa pomoni.

Swali: Nikikaa karibu na dirisha sioni kitu kwenye skrini. Kuna dawa?

Kwa mashine uliyonayo, hakuna zaidi ya kugeuza kiti. Hapa ndipo watengenezaji hubana zaidi, na skrini haibadilishwi kirahisi. Mwangaza hupimwa kwa niti. 250 ni za chumbani, 300 ndicho kiwango cha chini tunachokubali, na 400 zinavumilia dirisha. Ukiona "45% NTSC" kwenye maelezo, jua rangi zimefifia. Kwa mwanasheria si neno, kwa anayesomea ubunifu wa picha ni hasara. Paneli ya skrini iwe ya aina ya IPS. Ile ya TN hugeuza rangi ukiinamisha skrini kidogo tu.

Umbo nalo lina uzito wake. Skrini ya uwiano wa 16:10 yenye nukta 1920 kwa 1200 inaonyesha mistari 120 ya nukta zaidi kwenda chini kuliko ile ya 1920 kwa 1080. Kwa mtu anayesoma na kuandika ripoti, hiyo ni aya nzima. Nukta 1366 kwa 768 bado zinauzwa. Ziache.

Swali: Chaja ya simu yangu ni USB-C na laptopu ni USB-C. Mbona haichaji?

Tundu ni moja, umeme ni tofauti. Laptopu nyingi za kundi hili zinataka wati 45 au 65 kwa volti 20 kupitia utaratibu wa USB Power Delivery. Chaja nyingi za simu huishia volti 9 au 12. Mashine ama itakataa, ama itachaji polepole ikiwa imezimwa. Angalia maandishi madogo kwenye chaja: lazima kuwe na mstari wa 20V. Waya pia unahusika. Waya wa kawaida wa ampea 3 unapitisha hadi wati 60 tu, zaidi ya hapo unahitaji wa ampea 5.

Tena, si kila tundu la USB-C kwenye laptopu hupokea chaji. Jingine ni la data peke yake, na kutoa picha kwenye projekta ni uwezo wa tatu tofauti kabisa. Kama hakuna HDMI, hakikisha maelezo yanataja DisplayPort kwenye USB-C kabla siku ya kuwasilisha kazi haijafika.

Swali: GB 128 za eMMC au GB 256 za SSD?

SSD. eMMC ni hifadhi inayochomelewa kwenye bodi, na ni ya polepole. Ile ya GB 64 ndiyo balaa, kwa kuwa masasisho ya Windows hukwama kwa kukosa nafasi. SSD ya NVMe ya aina ya M.2 huweza kubadilishwa. Pima urefu kwanza: 2280 ni milimita 80, na baadhi ya mashine nyembamba hukubali 2242 au 2230 tu. Na ukiona GB 238 badala ya 256, hujaibiwa, ni tofauti ya namna ya kuhesabu.

Swali: Programu ya chuo inakataa kusakinishwa, naambiwa nitumie duka la Microsoft pekee.

Laptopu yako iko katika S mode. Ingia Settings, System, Activation, uchague kutoka humo. Ni bure, ila hakuna kurudi.

Swali: Mwanangu anashauriwa anunue laptopu ya ofisi iliyotumika badala ya mpya ya bei hiyo hiyo. Mnasemaje?

Mzazi, mara nyingi ushauri huo ni mzuri. Lenovo ThinkPad T14, Dell Latitude au HP EliteBook za miaka michache nyuma zina kibodi na bawaba bora kuliko mpya za bei hiyo, na nyingi hufunguka kwa skrubu za kawaida. Masharti ni haya. Prosesa ya Intel iwe ya kizazi cha 8 au zaidi, kwani chini ya hapo Windows 11 haikubali rasmi, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Washa na uingie BIOS, kwa kawaida ni F2, F10 au F1: ikidai nenosiri, iache hapo hapo. Muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele yenu ikiwa kwenye intaneti. Ikitokea skrini inayodai akaunti ya kampuni, bado imefungwa na mwenye nayo wa zamani. Programu ya CrystalDiskInfo itaonyesha afya ya SSD, na ripoti ya betri mnaijua tayari. Padi ya kugusa ikiwa imeinuka au haibonyezeki, au mashine ikiyumba juu ya meza tambarare, betri inaweza kuwa imevimba. Hiyo msiichaji wala msiitoboe.

Swali: Nina dakika kumi tu dukani. Niangalie nini?

Fungua kifuniko kwa kidole kimoja. Kisha kamata kona moja ya mbele uinyanyue: ikilia au ikipinda, boksi lake ni dhaifu. Bonyeza katikati ya kibodi, ikibonyea sana utachoka kuandika. Andika aya nzima, usiishie jina lako. Gusa pembe zote nne za padi. Jaza skrini kwa ukurasa mweupe, kisha mweusi, utafute nukta zilizokufa. Chomoa chaja na ucheze video dakika tano huku Task Manager iko wazi, utazame kama video inakwama huku kasi ya prosesa ikiporomoka. Weka kiganja chini ya mashine usikie joto. Tikisa waya kwenye tundu la chaji.

Mwisho iweke kwenye mizani pamoja na chaja yake. Kilo 1.3 za kwenye tangazo ni za mashine peke yake.