Slaidi utapewa, maelezo hutapewa

Ndugu, umesema mhadhiri anabadilisha slaidi kabla hujamaliza kuandika, na akiwasha video ndiyo unapotea kabisa. Yalinikuta hayo mwaka mzima wa kwanza. Nilinakili kila kilichotokea ukutani. Mkono unauma, daftari limejaa, kichwani hamna kitu.

Kilichonizindua ni somo la moyo. Iliwashwa video ya damu ikipita, mimi nimeinama nanakili majina ya vyumba na vali, vile vilango vya damu. Kuinua kichwa, imekwisha. Mtihani ukaja, wala haukuuliza majina. Uliuliza vali inafungwa na nini. Jibu mhadhiri alilitaja video ikiendelea: chumba cha chini kikijikaza, msukumo wa damu humo unazidi ule wa chumba cha juu, vali inajifunga, na huo ndio mdundo wa kwanza tunaousikia. Kwenye slaidi halikuwepo. Kwenye daftari langu ndiyo usiseme.

Siku hizi slaidi naiandikia namba tu pembeni, kwa kuwa faili nitalipata. Wino nauweka kwa anayoyasema nje ya slaidi: mfano alioutoa, swali la mwanafunzi alilolijibu, ile "hapa wengi hukosea". Video ikianza, kalamu chini. Natazama mpaka mwisho, ndipo nachora chapuchapu: mishale miwili mitatu na sentensi moja ya nini kimesababisha nini. Moyo wangu unafanana na kiazi, lakini mishale iko sahihi.

Kama mhadhara unarekodiwa, nikipitwa sihangaiki. Naweka alama ya kuuliza na dakika, "? 23:40", jioni narudi hapo tu. Ukijiahidi kusikiliza rekodi nzima upya, unajidanganya.

Kuhusu laptopu au karatasi: mwaka 2014 watafiti Mueller na Oppenheimer walionyesha kwamba wanaochapa hunakili zaidi neno kwa neno, na kwenye maswali ya kuelewa walizidiwa na walioandika kwa mkono. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata tofauti kubwa hivyo. Kwangu ubaya uko kwenye kunakili, si kwenye kifaa. Natumia karatasi kwa sababu ya michoro, basi.

Na kama mhadhiri wako hagawi slaidi, mwombe ruhusa upige picha zenye michoro na grafu. Zile za maneno matupu ziache zipite, wewe msikilize.