Nina sauti kubwa, je, nafaa kuwa mlezi wa kambo?

Shangazi, mimi na mume wangu tunaishi Tabata na tunataka kumpokea mtoto kwa malezi ya kambo. Mume wangu ni mpole, lakini mimi ni fundi cherehani mwenye sauti kubwa na mwepesi wa kukasirika. Wifi yangu anasema mtu wa namna yangu hafai. Je, ni kweli?

Mwanangu,

Sauti kubwa peke yake haimwondolei mtu sifa ya ulezi, ila ni lazima ujiulize hufanya nini baada ya kufoka. Ikiwa unaweza kuketi mkekani na mtoto ukamwambia, "Nimekosea, nisamehe," basi unacho kitu ambacho wapole wengi hawana; ikiwa huwezi, au ikiwa mkono wako hufuata sauti yako, subiri kwanza.

Mtoto niliyempokea mimi miaka mingi iliyopita alilala na yeboyebo miguuni kwa wiki tatu, kwa kuwa alikuwa amehamishwa mara nyingi na alitaka, akiamshwa usiku, awe tayari kuondoka. Nakiri kwamba niliudhika kwa ajili ya mashuka kabla sijaelewa. Kisha nikawa ninamwosha miguu pamoja na hizo yeboyebo kila jioni, bila kumwambia azivue. Subira ninayoisema ni hiyo, ya kumpenda mtoto ambaye bado hajakuamini na usimdai shukrani.

Lililo gumu zaidi ni kukubali kwamba mtoto si wako. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatenganisha malezi ya kambo na kuasili, yaani kumchukua mtoto awe wako kabisa kisheria, kwa hiyo huenda siku moja akarejea kwa ndugu zake ukiwa umekwisha kumzoea, nawe utapaswa kumfungashia nguo zake vizuri. Asikusikie hata mara moja ukimsema mama yake vibaya, na habari za alikotoka usizitoe gengeni hata majirani wakikuchokoza, maana ni zake.

Chumba na kipato afisa ustawi wa jamii atavitazama mwenyewe. Nendeni nyote wawili ofisini kwake, na habari za hasira zako umweleze wewe kabla hajazisikia kwa mwingine. Wifi yako naye mshirikisheni mapema, kwa kuwa mtoto huyo atamwita shangazi.