Maswali yenu kuhusu EVJF, wikiendi ya Kifaransa ya kumuaga bibi harusi

Meseji zimekuwa nyingi tangu niitaje EVJF, yaani enterrement de vie de jeune fille (“kuzika maisha ya usichana”), ile sherehe ambayo mashosti wa Ufaransa wanamfanyia mwenzao kabla hajaolewa. Haya, twende.

Dada shikamoo. Besti yangu anaolewa Lyon, kaniomba niwe témoin wake, yaani shahidi. Kazi yangu hasa ni ipi?

Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Kazi ni mbili. Ya kwanza ya kisheria, unakuwa shahidi pale mairie, ofisi ya meya, unasaini cheti cha ndoa. Mashahidi kwa jumla wanakuwa 2 mpaka 4, na ndoa ya kanisani inakuja baada ya hiyo ya serikali, kwa hiyo kitambulisho usikisahau nyumbani. Ya pili ya kimila, EVJF iko mikononi mwako. Bibi harusi hatakiwi kujua siku wala mnakoenda, so ongea na mchumba wake mapema, yeye ndo atakwambia lini mwenzio hana kazi, yeye ndo atampakia begi kimyakimya, af Jumamosi asubuhi nyie mnatokea mlangoni mnamteka. Jamani hapo ndo raha yote ilipo, ile sura yake akifungua mlango! Ila usiweke wikiendi ya mwisho kabla ya harusi, atakuwa hoi na bado gauni, ukumbi, wageni... mwezi mmoja au miwili kabla ni pazuri. Na wifi yake mwalike, tafadhali.

Nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp, nusu ya watu siwajui, wanataka hela ya Barcelona na mie sina. Nikikataa ntaonekana mbaya?

Huonekani mbaya, sema leo kabla hawajakata tiketi. Mwandikie témoin inbox, mwambie kiasi unachoweza, au omba uungane nao kwa chakula cha jioni tu. Kwa kawaida bibi harusi halipi, sehemu yake inabebwa na wengine, so hesabu inapanda haraka: gîte, yaani nyumba ya likizo ya kukodi kijijini, ya euro 600 mkiwa 8, mnagawana 7, kila mtu kama euro 86 kabla hata hamjala. Na nyie mnaopanga nawaomba sana, muulizeni kila mtu bajeti yake pembeni NDO mchague mahali, sio mnachagua mahali af mnatuma namba ya akaunti. Urafiki wa miaka unaharibikia hapo.

Nimesikia wanamvalisha bibi harusi manguo ya ajabu wanamtembeza mtaani. Rafiki yangu wa Marseille ni mwenye haya, anavaa hijabu na hanywi pombe. Tufanyeje?

Hayo yanaitwa gages, majukumu anayopewa: auze pipi kwa wapita njia, aombe ushauri wa ndoa kwa wazee waliokaa mkahawani, aimbe stesheni. Kuna wanaofurahia kwa kweli, lakini kama yeye sio mtu wa hivo ondoa kabisa, siku ni yake, sio ya video zenu. Marseille hamkosi cha kufanya, nendeni Calanques, ile miamba na vighuba vya baharini, mkatembee asubuhi jua halijawa kali, mchana hammam (bafu la mvuke) ya wanawake, jioni mpike pamoja af mcheze lile swali na jibu la mchumba: mnamrekodi bwana harusi mapema akijibu maswali, bibi harusi anabahatisha kasema nini, ndo video inachezwa. Hilo hata mwenye haya anacheka mpaka machozi.

Eti kuna jeneza kweli?

Lipo, ila sio kila mahali. Wengine wanatengeneza kajeneza ka mbao, wanatia chupa ya mvinyo na vikumbusho vya useja, wanazika bustanini, wanakuja kufukua baadae, mara nyingi mtoto wa kwanza akizaliwa. Kwa familia zetu muulize mama yake kwanza, jeneza kwenye mambo ya harusi linaweza kumshtua.

Naweza kuchanganya na kichen pati yetu?

Changanya! Mchana wa Kifaransa, usiku khanga, hina, na somo wake aongee naye. Ila wale mashosti wa Kifaransa waelezwe kabla kwamba somo akianza kusema simu zinawekwa chini.