Muulize Mwalimu: Wareno walifuata nini huku kwetu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili kaandika kwenye daftari kwamba Wazungu walivuka bahari "kwa kupenda kuvumbua". Babu yake, mvuvi wa Tongoni, anasema walifuata pilipili manga, na merikebu yao moja iliteketea kwenye mafungu ya huku kwetu. Nimwamini nani? Na ni kweli Ibn Majid, yule baharia Mwarabu, ndiye aliyewaongoza? – Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwamini babu.

Pilipili manga ilitoka Malabar, India. Ilipita Bahari ya Sham, ikalipiwa ushuru kwa masultani wa Misri, kisha ikachukuliwa na wafanyabiashara wa Venice, na kila ilipopita bei ilipanda. Wafalme wa Ureno walitaka kuifuata wenyewe huko inakotoka. Waliuteka mji wa Ceuta, kaskazini mwa Afrika, mwaka 1415, wakashuka pwani ya Afrika Magharibi wakitafuta dhahabu, na kuanzia miaka ya 1440 wakawa wanakamata watu na kuwauza. Mwaka 1487 Mfalme João wa Pili alimtuma Pêro da Covilhã, mtu aliyejua Kiarabu, apite Cairo na Aden mpaka Calicut, bandari ya Malabar, kupeleleza biashara ya viungo. Mwaka uliofuata Bartolomeu Dias akarudi na habari kwamba ncha ya kusini ya Afrika inazungukika. Anayetanguliza mpelelezi masokoni anajua anachokitaka.

Dini nayo ilikuwemo, tena kwa dhati. Walikuwa wamepigana na Waislamu kwa karne nyingi, na walisikia kuna mfalme Mkristo Mashariki, wakatumaini atakuwa mshirika wao. Vasco da Gama alipofika Calicut mwaka 1498, mtu wake wa kwanza kushuka pwani alikutana na watu wawili wa Tunis, wakamuuliza amefuata nini. Alijibu: Wakristo na viungo. Mwambie mwanao alinakili jibu hilo kama lilivyo.

Sasa Tongoni. Baharia mmoja wa safari ile aliandika daftari, nalo limebaki mpaka leo. Anasimulia kwamba Aprili 1498, kabla ya kufika Mombasa, merikebu São Rafael ilipanda fungu mkabala na Mtangata, ndiyo Tongoni hiyo. Maji yalipokupwa ikabaki juu. Mitumbwi miwili ikawaendea, mmoja umejaa machungwa ambayo baharia anasema ni mazuri kuliko ya Ureno. Mimi mzaliwa wa Muheza hufurahi kila nikiisoma sentensi hiyo! Milima anayoisifu hapo ni Usambara yetu. Maji yalipojaa, merikebu ikaelea.

Kurudi kulikuwa kugumu. Waliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi bado haijashika, wakakaa baharini karibu miezi mitatu katika shwari na pepo za mbisho. Watu 30 walikufa kwa kiseyeye. Januari 1499 hawakubaki mabaharia wa kutosha merikebu tatu, basi wakaichoma São Rafael kwenye mafungu yale yale. Wenyeji walikuja na kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili.

Nihuzunikalo ni hili. Kule Calicut, Da Gama alitaka kumpa mfalme kofia, mabeseni, mafuta na asali, na maofisa wa mfalme wakacheka. Bidhaa za Ureno hazikuwa na soko katika bahari hii, ila mizinga walikuwa nayo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa na kuichoma Mombasa, miji iliyokuwa ikifanya biashara na India kwa kufuata kusi na kaskazi karne nyingi kabla yake.

Kuhusu Ibn Majid: alikuwa bingwa wa elimu ya bahari, na maandishi yake yapo. Lakini daftari la baharia halimtaji. Linasema tu kwamba mfalme wa Malindi aliwapa rubani, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ikawachukua, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Mtihani ukiuliza nani aliwaongoza, mwanao aandike "rubani aliyetolewa na mfalme wa Malindi".