Faini ya kukosa bima Marekani: tazama jimbo, kisha hesabu miezi

Mmeuliza wiki hii: anayeishi Marekani bila bima ya afya bado hupigwa faini anapojaza ritani ya kodi?

Serikali kuu haimtozi tena. Faini yake ni sifuri tangu Januari 2019, kufuatia sheria ya kodi ya Desemba 2017. Wanaotoza ni Massachusetts, New Jersey, California, Rhode Island na mji mkuu, Washington D.C. Vermont nayo inakutaka uwe na bima, ila haitozi.

Nitakaa na California, maana huko faini si ndogo. Kwa mwaka 2024, kima cha chini kilikuwa dola 900 kwa mtu mzima na 450 kwa mtoto, kwa hiyo mume, mke na watoto wawili wasio na bima mwaka mzima hawakukwepa 2,700. Hiyo hulinganishwa na asilimia 2.5 ya kipato cha kaya kilichozidi kiwango ambacho chini yake mtu halazimiki kujaza ritani, na unalipa iliyo kubwa. Kwa mtu mzima mmoja aliyezidi kwa dola 40,000, asilimia hiyo ni 1,000, basi 900 inawekwa kando. Kila mwezi usio na bima ni sehemu moja ya kumi na mbili ya faini. Siku moja tu ya bima huuokoa mwezi mzima.

Wengi hunaswa na pengo. Miezi mitatu mfululizo husamehewa. Ikifika minne, hutozwa yote minne, si ule mmoja uliozidi! Mwajiri mpya anaruhusiwa kukusubirisha hadi siku 90 kabla ya kukupa bima. Jumlisha na wiki za kutafuta kazi, tayari umevuka. Ndiyo maana usingoje: ukipoteza bima una siku 60 za kujiandikisha Covered California, soko la bima la jimbo, hata nje ya msimu wa kujiandikisha. Mwenye kipato kidogo aanzie Medi-Cal, bima ya umma ya jimbo hilo, ambayo hupokea maombi mwaka mzima na huhesabiwa kuwa bima kamili. Bima ya meno, ya macho au ya ajali peke yake haihesabiwi.

Kosa jingine ni la wategemezi. Kila uliyemwandika kwenye ritani yako, faini yake ni juu yako, hata kama ni kijana aliye chuoni.

Wapo wanaolipa bila kudaiwa. Asiye na makaratasi ya ukaazi hatozwi, wala ambaye kipato chake hakifikii kiwango cha kujaza ritani. Misamaha mingi hudaiwa kwa kuambatisha fomu FTB 3853, ya mamlaka ya kodi ya California, kwenye ritani ya jimbo. Msamaha wa shida, kama kufukuzwa kwenye nyumba au kufiwa na mtu wa familia, huombwa kwanza Covered California. Wakikubali hutoa namba, na namba hiyo ndiyo unayoiandika kwenye 3853.